Kununua besi ya zamani Kisumu na Magharibi: shingo kwanza, jina baadaye

Habari ikienea kwamba kuna besi ya zamani (gita la umeme la sauti nzito, lenye nyuzi nne) inauzwa Kondele, Kakamega au Nakuru, swali linaloulizwa upesi ni "ya kampuni gani?" Kwa mtu anayetaka kuipiga, jina linaweza kungoja. Kinachoamua kama chombo kitapanda jukwaani au kitaning'inia ukutani ni shingo: imenyooka kiasi gani, na je, chuma kilichomo ndani yake bado kinazunguka? Pikapu (kile kidude chini ya nyuzi kinachonasa sauti) iliyokufa hubadilishwa. Rangi iliyobanduka haizuii sauti, na daraja, kile chuma kinachoshika nyuzi kwenye bodi, likiwa na kutu hununuliwa jingine. Shingo iliyojisokota, lakini, inaweza kula pesa kuliko bei ya besi nzima, na huku kwetu mafundi wa kazi hiyo ni wa kutafutwa kwa tochi. Kwa hiyo tutakaa sana kwenye shingo, halafu tukae tena kwenye mikono, yaani namna ya kuipiga.

Jua unachotafuta

Besi ya umeme si chombo cha kale sana. Mmarekani Leo Fender aliitoa besi yake ya Precision mwaka 1951 huko California, na Jazz Bass ikafuata 1960. Mwaka 1965 kampuni yake ikauzwa kwa CBS, kampuni kubwa ya utangazaji, na tangu hapo wakusanyaji wa Marekani huzigawa besi za Fender kwa mstari huo: za kabla ya CBS na za baadaye. Za kabla ya CBS sasa ni bei ya shamba. Ukiambiwa kuna moja Bungoma inayouzwa kwa bei ya baiskeli, ama ni bandia, ama mwenyewe hajui inauzwa.

Zinazofaa mfuko wa mpigaji wa kawaida ni za Japani za miaka ya 1970 na 1980. Mjini Matsumoto, mkoa wa Nagano, kulikuwa na kiwanda cha FujiGen Gakki kilichotengeneza Ibanez na Greco, na Matsumoku iliyotengeneza Aria Pro II hadi ilipofunga mwaka 1987. Yamaha nayo ilianza mfululizo wake wa BB mwaka 1977. Wajapani hao walikuwa wamenakili magita ya Kimarekani kwa ustadi kiasi kwamba mwaka huohuo wa 1977, Norlin, wenye kampuni ya magita ya Gibson, walimshitaki msambazaji wa Ibanez wa Marekani kwa sababu ya umbo la kichwa cha gita. Mimi nikiwekewa mezani Ibanez ya 1979 yenye mikwaruzo na besi mpya ya bei rahisi inayong'aa, naichukua yenye mikwaruzo, mradi shingo iko sawa.

Kabla ya yote, pima urefu. Chukua futi kamba, pima kutoka kwenye nati (kile kipande chenye mifereji minne karibu na kichwa) hadi katikati ya freti ya 12 (freti ni vile vyuma vyembamba vinavyokatiza shingo), kisha zidisha kwa mbili. Ukipata kama milimita 432 kabla ya kuzidisha, hiyo ni besi ndefu ya inchi 34, ndiyo ya kawaida. Ukipata kama 381, ni fupi ya inchi 30, kama Höfner 500/1 aliyoipiga Paul McCartney au Fender Mustang ya 1966. Besi fupi ni nzuri kwa kijana wa mikono midogo, na sauti yake ni nene na laini. Shida yake huku ni nyuzi. Duka likiwa na seti, mara nyingi ni za besi ndefu, na uzi mnene wa besi ndefu ukizungushwa kwenye kigingi cha kutunia cha besi fupi hukunjika vibaya na unaweza kukatika. Ukinunua fupi, agiza nyuzi zake mapema.

Zinakojificha

Besi za zamani hazikai sana madukani. Ziko kwenye stoo za makanisa yaliyonunua vyombo vipya, kwenye hoteli zilizokuwa na bendi ya wikendi, shuleni, na zaidi ya kote, chini ya vitanda vya wazee waliokuwa wakipiga benga na rumba. Soko la Kibuye, Kisumu, siku ya Jumapili utakuta spika na amplifaya kuliko magita, lakini wauzaji wa pale wanajua nani ana nini. Waachie namba yako. Mtandaoni zipo pia, na sheria huko ni moja: hutumi pesa kwa M-Pesa kwa besi ambayo hujaishika. Si "ada ya kukuwekea", si nauli ya boda, hapana.

Ukienda kwa mzee aliyekuwa mwanamuziki, usianze kwa bei. Msalimie, kaa, muulize alikuwa akipiga na nani. Halafu mwombe, "Mzee, hebu nipigie kidogo nisikie." Hiyo ni heshima na ni ukaguzi pia. Mpigaji aliyeishi na chombo kimoja miaka mingi anajua mahali kinapokoroma, na mkono wake hupakwepa bila yeye kufikiri. Tazama freti asizozigusa. Utakapoishika wewe, anzia hapohapo.

Kuikagua mkononi

Nenda mchana. Beba tochi ya simu, bisibisi ya nyota, multimita ndogo kama unayo, kebo yako mwenyewe, na programu ya kutunia kwenye simu. Itune kwanza E, A, D, G, kutoka uzi mnene hadi mwembamba, kwa sababu shingo isiyo na mzigo hudanganya. Nyuzi nne za besi ndefu zikitunwa sawasawa huvuta shingo kwa nguvu ya zaidi ya kilo 70, na ni chini ya mzigo huo ndipo ubao husema ukweli.

Sasa ishike besi kama unayelenga bunduki, kichwa kikiwa karibu na jicho lako, na utazame kando ya shingo hadi kwenye bodi. Fanya hivyo upande wa uzi wa E, kisha upande wa uzi wa G. Unatafuta mambo matatu. Kujipinda mbele kidogo ni kawaida na kunatakiwa. Kujipinda nyuma, ambapo katikati ya shingo imevimba kuelekea nyuzi, mara nyingi hurekebishika kwa kulegeza chuma cha ndani. La tatu ndilo la kukufanya uage: shingo iliyojisokota, upande mmoja ukipanda huku mwingine ukishuka. Hiyo chuma hakiinyooshi.

Ili kupima badala ya kukisia, bonyeza uzi wa E kwenye freti ya 1 kwa mkono wa kushoto, na kwenye freti ya mwisho kwa kiwiko au kwa msaada wa rafiki. Uzi ulionyooka sasa ndio rula yako. Tazama nafasi kati yake na freti ya 7 au ya 8. Ikiwa kama milimita 0.3 hadi 0.4, unene wa kadi nyembamba ya biashara, ni sawa kabisa. Ikiwa milimita mbili, chuma kina kazi ya kufanya, na lazima ujue kama bado kinaweza.

Chuma hicho, trasi-rodi, hurekebishwa kwa ufunguo wa pembe sita au kwa bisibisi. Kichwa chake kiko ama nyuma ya nati chini ya kifuniko kidogo, ama mwisho wa shingo upande wa bodi. Precision na Jazz za zamani ziko hivyo vya pili, na wakati mwingine lazima shingo ing'olewe ndipo ukifikie. Omba ruhusa ya mwenye mali. Legeza kwanza robo ya mzunguko kuelekea kushoto, ndipo ukaze taratibu kuelekea kulia. Kikizunguka kwa ukinzani laini, umepata besi. Kikiwa kimekazwa hadi mwisho na shingo bado imepinda mbele, au kikizunguka bure bila kushika chochote, au pembe zake zimelika hadi ufunguo unateleza, rudisha chombo kwa adabu. Muuzaji akikataa kabisa kiguswe, hesabu kwamba kimekufa na utoe bei ya namna hiyo.

Baada ya hapo piga kila freti ya kila uzi, moja baada ya nyingine, bila amplifaya. Ni kazi ya kuchosha lakini haina mkato. Noti inayokoroma freti moja tu ina maana freti inayofuata imeinuka. Noti zote za juu, kuanzia ya 15 kwenda mbele, zikikoroma pamoja, huenda mwisho wa shingo umeinuka pale inapokutana na bodi. Angalia pia mifereji iliyochimbwa na nyuzi kwenye freti za kwanza tano. Mifereji midogo hupigwa tupa na kusawazishwa. Freti ikibaki chini ya nusu milimita, ni ya kubadilisha. Usishtuke lakini ukikuta noti moja inayokufa haraka kwenye uzi wa G, mahali fulani kati ya freti ya 5 na ya 7. Besi nyingi za aina ya Fender zina ugonjwa huo tangu zilipotoka kiwandani, hata za bei kali.

Mulika tochi nyuma ya kichwa, chini kidogo ya nati. Gita ambazo kichwa chake kimeinama kwa nyuma, mtindo wa Gibson, hupasuka hapo zikianguka. Ufa uliogundishwa vizuri si kifo, ila hupunguza bei sana. Sukuma shingo kwa upande ukishika bodi. Ikicheza, huenda ni skrubu zimelegea tu, au tundu la shingo limepanuka. Na kwa besi iliyolala stoo ya huku kwetu, tafuta vitundu vidogo vya wadudu watoboao mbao na unga mwembamba unaomwagika ukiigonga. Rangi, mikwaruzo, stika za bendi iliyovunjika zamani: pita.

Umeme wake

Chomeka kebo, fungua volyumu na toni hadi mwisho, gusa pikapu polepole kwa ncha ya bisibisi. Kila pikapu inapaswa kutoa "tok" yenye nguvu inayolingana. Mkwaruzo unaotokea ukizungusha volyumu ni vumbi tu, husafishwa kwa dawa ya kupuliza ya mafundi wa redio.

Kama una multimita, pima ohms kwenye mwisho wa kebo. Pikapu ya Precision iliyo hai husoma karibu kilo-ohm 10 au 11, na kila pikapu ya Jazz kama 7 au 8. Zile mbili za Jazz zikiwa zimefunguliwa pamoja utasoma karibu nusu ya hapo, usidhani zimeharibika. Ukisoma sifuri, kuna waya umegusana mahali, pengine kwenye jeki (tundu la kuchomekea kebo), na ni kazi ya dakika chache ya lehemu. Ukisoma namba kubwa mno, kilo-ohm mia na zaidi, au "hakuna mwisho", huenda waya wa ndani umekatika. Waya huo ni mwembamba kama unywele, kama milimita 0.06, na jasho pamoja na unyevu wa ziwa huula taratibu. Fundi wa mota anayejua kusuka koili nyembamba anaweza kuusuka upya akiwa na subira. Besi yenye betri ya volti 9, nyingi zikiwa za mwisho wa miaka ya 1970 na baadaye, ifungue nyuma uone kama betri ya zamani haikuvuja ndani.

Umri: usiamini mdomo

Namba ya usajili husaidia kama unajua kuisoma. Ibanez za FujiGen kuanzia katikati ya miaka ya 1970 hadi katikati ya 1980 zina herufi moja ikifuatwa na tarakimu. Herufi ni mwezi, A ikiwa Januari na L Desemba, na tarakimu mbili za kwanza ni mwaka. H79 ni Agosti 1979. Fender za Marekani kuanzia 1976 zina S kichwani kwa miaka ya 1970, kwa hiyo S8 ni 1978, na E kwa miaka ya 1980. Fender na Squier za kwanza za Japani, za 1982 hadi 1984, huanza na JV, na wanaozijua huzing'ang'ania.

Ushahidi wa kuaminika zaidi uko ndani. Kwenye Fender, mwisho wa shingo unaofichwa na bodi mara nyingi umeandikwa au kupigwa muhuri wa tarehe. Vidude vya volyumu vya Kimarekani vina nambari: 137 ni kampuni ya CTS, 304 ni ya Stackpole, na zinazofuata ni mwaka na wiki. 1376633 ni CTS, mwaka 1966, wiki ya 33. Kumbuka tu kwamba kidude huonyesha besi haiwezi kuwa ya kabla ya hapo. Kiwandani kingeweza kukaa kwenye boksi muda mrefu. Skrubu zenye vichwa vilivyochakaa kwenye chombo kinachodaiwa hakijawahi kufunguliwa, nazo zina la kusema.

Bei na karatasi

Usibishanie sifa, bishania gharama. Andika mbele ya muuzaji: seti ya nyuzi, freti za kusawazisha, jeki, kidude cha volyumu, siku za fundi. Toa jumla hiyo kwenye bei ambayo besi kama hiyo iliyo kamili ingeuzwa, halafu nyamaza. Kaka anayeuza kwa haraka atashuka. Mzee anayeuza kwa sababu vidole vimekataa anataka kujua besi inaenda kupigwa. Kwake yeye, kumwambia unapiga wapi kunashusha bei kuliko ubishi wowote.

Usiondoke bila maandishi: majina, nambari za vitambulisho, namba ya besi, bei, sahihi. Kifungu cha 322 cha Kanuni ya Adhabu kinamhusu anayepokea mali ya wizi akijua au akiwa na sababu ya kujua, na kifungo chake kinafika miaka 14. Vyombo vya makanisa huibwa, hilo linajulikana. Kama besi inatoka kanisani, ongea na mweka hazina, si kijana wa kwaya. Lipa kwa M-Pesa uwe na ujumbe wenye jina.

Anayeagiza kutoka ng'ambo aweke akilini ushuru na VAT ya asilimia 16, na ukaguzi wa miti. Mbao za jamii ya Dalbergia, yaani rozwudi na ndugu zake, ziliwekwa chini ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe na mimea iliyo hatarini, mwaka 2017, na vyombo vya muziki vilivyokamilika vikasamehewa 2019. Msamaha huo hauihusu rozwudi ya Brazili, iliyofungiwa tangu 1992, na ndiyo iliyotumika kwenye gita nyingi za Kimarekani za miaka ya mwanzo.

Kuifikisha na kuiacha itulie

Legeza nyuzi toni moja au mbili, funga kichwa kwa nguo nzito, na usiiweke kwenye buti la basi chini ya magunia. Nunua kiti cha pili kama lazima.

Kisha subiri. Nakuru iko karibu mita 1,850 juu ya bahari, na Januari hewa yake ni kavu. Kisumu iko mita 1,131, kando ya ziwa, na ubao hapa hunywa unyevu. Besi iliyonyooka vizuri Nakuru inaweza kuinuka nyuzi wiki ya kwanza Kisumu. Iache nyumbani, ndani ya mfuko wake, mbali na dirisha na mbali na bati la moto, wiki moja hivi kabla ya kurekebisha lolote. Mvua za Machi hadi Mei zikianza, ipime tena.

Kuiweka sawa, kwa mpangilio huu

Nyuzi mpya kwanza, kwa sababu vipimo vyote hutegemea mvuto wake. Unene wa 45 hadi 105 (elfu za inchi) ndio wa kawaida. Kata uzi ukiacha kama sentimita 10 hadi 12 kupita kigingi, na ukunje kona kabla ya kukata, la sivyo utajifumua na kufa papo hapo. Tuna. Kisha trasi-rodi, robo ya mzunguko kwa wakati, ukitunia upya kila mara, hadi ufikie ule upana wa milimita 0.3. Kisha urefu wa nyuzi kwenye daraja: freti ya 12, milimita 2.5 chini ya E na 2 chini ya G. Anayepiga kwa nguvu aongeze kidogo.

Mwisho ulinganifu wa noti. Piga noti ya kengele kwenye freti ya 12, yaani kugusa uzi juu ya freti bila kuubonyeza, kisha ubonyeze freti hiyohiyo. Iliyobonyezwa ikiwa juu zaidi, rudisha nyuma kitandiko cha daraja, kile kipande kinachobeba uzi. Ikiwa chini, kisogeze mbele. Ukivuruga mpangilio huu utazunguka siku nzima.

Kuhusu aina ya nyuzi nina upande. Nyuzi zilizozungushiwa waya wa mviringo, zilizopata umaarufu Uingereza miaka ya 1960 kupitia Rotosound, zina mng'ao na zinakwaruza. Nyuzi bapa, zilizozungushiwa utepe tambarare, zina sauti fupi, iliyotulia, na hukaa miaka. James Jamerson, aliyepiga besi kwenye rekodi za Motown, aliziacha bapa kwenye Precision yake ya 1962 bila kuzibadilisha ovyo. Kwa benga na rumba bapa zinafaa, na kwa mfuko pia. Za mviringo zilizochoka zichemshe dakika kumi kwenye sufuria, zikaushe kabisa, uzirudishe. Zitakupa siku kadhaa za uhai. Sufuria isiwe ya ugali, kwa ajili ya amani ya nyumba.

Amplifaya

Besi yenyewe haichomekwi ukutani, amplifaya ndiyo inayochomekwa. Ya Japani hutaka volti 100, ya Marekani 120, na ukutani kwetu kuna 240. Soma bamba la nyuma kabla ya kuchomeka. Transfoma ya kushusha umeme iwe na wati zaidi ya zinazohitajika na amplifaya, si sawa nazo. Ukipiga kwenye woofer ya sebuleni, sauti iwe ya chini: uzi wa E ulio wazi ni hezi 41, na spika ndogo hupasuka ikilazimishwa.

Jukwaani, kabla ya kusogea kwenye maikrofoni, gusa kikingio chake kwa testa huku ukishika nyuzi. Jenereta za kukodi zisizo na waya wa ardhi zinaua. Hili sitaki mtu alichukulie kama porojo.

Kuipiga

Mkono wa kulia, kidole cha shahada na cha kati vipokezane bila kuruka, kidole gumba kikipumzika juu ya pikapu au uzi wa E. Ukisogea karibu na daraja sauti inakuwa ngumu na yenye ncha; ukisogea karibu na shingo inanenepa. Mkono wa kushoto, kwenye freti za chini usijinyooshe kufunika freti nne kwa vidole vinne. Tumia cha kwanza, cha pili na cha mwisho kwa freti tatu, na usogeze mkono mzima. Kiganja kitakushukuru baada ya saa nne za harambee.

Benga haitaki noti ndefu. Sikiliza rekodi za Shirati Jazz ya Daniel Owino Misiani, aliyefariki mwaka 2006, au za Victoria Kings, na ufuate besi peke yake: inaruka, inakatika, inajibizana na gita la solo badala ya kulifuata. Wapigaji wengi wa huku husema gita la benga limerithi nyatiti, yenye nyuzi nane, na mpigaji wake hugonga chombo kwa pete ya chuma iliyo kidoleni mwa mguu. Mdundo huo ndio unaoutafuta kwenye besi. Ukimya baina ya noti una uzito sawa na noti.

Njia ya haraka ya kuupata ni kipande cha sponji. Kata ukanda wa sponji ya godoro, uupachike chini ya nyuzi karibu na daraja, uziguse bila kuzibana. Fender wa mwanzo waliweka kitu kama hicho chini ya kifuniko cha daraja, halafu watu wakakitupa. Besi ya zamani yenye nyuzi bapa na sponji inatoa sauti ya sahani za santuri za miaka ya 1970 bila kifaa kingine.

Zoezi la kuanzia ni hili, katika D. Hesabu "moja na mbili na tatu na nne na", taratibu. D iko uzi wa A freti ya 5; A ya juu yake iko uzi wa D freti ya 7; D ya juu iko uzi wa G freti ya 7. Piga D kwenye "moja", nyamazisha uzi mara moja kwa kuinua kidole bila kukiondoa. Usipige chochote kwenye "mbili". Piga A kwenye "na" inayofuata, D ya juu kwenye "tatu", nyamaza, kisha D ya chini kwenye "na" ya mwisho, kana kwamba unaisukuma hesabu inayokuja. Ikikaa, hamisha umbo lilelile hadi G, ukianzia uzi wa E freti ya 3, kisha A, ukianzia uzi wa E freti ya 5. Mkono haubadiliki umbo, unahama tu. Pandisha kasi pale tu ukimya wako unapokuwa safi. Noti zikianza kuburutana, shuka.

Ukishaweza, mtafute mpiga ngoma na mpige nyinyi wawili bila gita. Teke la ngoma likianguka kwenye "moja" na "tatu", jizuie kuliiga. Weka noti zako kwenye zile "na". Kwa rumba ya aina ya bendi ya Les Mangelepa geuza: noti ziwe ndefu kiasi, uimbe nazo wakati wa mashairi, na mwendo ukibadilika magita yakianza kujirudia, punguza uwe na maneno matatu tu unayoyarudia. Sponji itoe kwa rumba. Irudishe kwa benga.